Wageni wa Masasi

Wahenga wamesema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hii twaifahamu sote, na mara nyingi twaitaja kwa kucheka, tumwonapo mgeni amekaa kivulini hali wenyeji wamo shambani. Lakini tukiitazama vema twaona kwamba haisemi na mgeni peke yake; yasema na mwenyeji pia. Maana jembe hutolewa na mwenye nyumba, na mahali pa kulima huonyeshwa na mwenye nchi. Mgeni hawezi kujipa jembe. Akijipa mwenyewe, akalima palipompendeza, huyo si mgeni tena, bali ni kitu kingine ambacho jina lake si zuri.

Tumelifikiri neno hili kwa sababu ya habari za watu walioletwa Masasi mwaka 1876. Wengi wanazijua habari hizo kwa ufupi tu, ya kwamba Askofu Edward Steere aliwatoa Unguja watu waliokombolewa katika utumwa, akawapeleka bara, wakajenga. Husimuliwa kama kwamba kazi ilikwisha siku walipotua mizigo. Sisi twaona kwamba siku hiyo ndipo kazi ilipoanza, wala haikuwa kazi ya kukata miti na kusimamisha nguzo tu, bali kazi ya kuwa majirani wa watu. Katika kazi hiyo walishindwa mara, wakafaulu mara. Nanyi wasomaji mlio wageni mahali mlipo, walimu, wauguzi, wanawake walioolewa mbali, na watu waliohamia mashamba mapya, huenda mkajiona humo.

Yafaa tuanze nyuma kidogo. Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alipatana na Waingereza kwa mkataba, na soko la watumwa la mjini likafungwa. Lakini kufunga soko si sawa na kumrudisha mtu kwao. Manowari ziliendelea kukamata majahazi baharini, na watu waliotolewa humo wakashushwa Unguja, wake kwa waume, na watoto wengi. Misheni iliyoanzishwa na watu wa vyuo vikuu vya Uingereza, yaani UMCA, iliwapokea wengi wao. Watoto wa kiume walitiwa katika shule ya Kiungani, na watu wazima wakapewa makao katika shamba la Mbweni, kusini ya mji. Huko walipata nyumba na kazi na mafundisho. Walakini wengi wao walikuwa watu wa bara, Wayao na Wamakua na watu wa pande za Ziwa Nyasa, na jioni walipoketi nje ya nyumba zao mazungumzo yaliwarudisha huko huko.

Misheni ile ilikuwa imekwisha kuonja uchungu wa ugeni. Mwaka 1861 Askofu Charles Mackenzie alijenga Magomero, katika nchi ambayo leo huitwa Malawi, pamoja na watu waliofunguliwa minyororo na David Livingstone na wenzake. Hawakukaa siku nyingi kabla ya kuingia katika vita vya wenyeji, wakiwasaidia Wamang'anja juu ya Wayao. Hawakuijua lugha sawasawa, wala hawakujua nani amemwudhi nani tangu lini. Januari 1862 Askofu alikufa kwa homa, na mwaka 1864 Askofu Tozer aliyemfuata akaihamisha misheni Unguja. Katika watu waliofunguliwa siku zile za 1861 alikuwamo mtoto mmoja wa Kiyao jina lake Chuma. Ndiye aliyekuja kufuatana na Livingstone miaka mingi, na alipokufa bwana wake, yeye na Susi na wenzao wakauchukua mwili mpaka pwani. Twamtaja hapa kwa kuwa tutakutana naye tena mara.

Basi mwezi wa Oktoba 1876 Steere aliondoka Unguja pamoja na wanaume 31 na wanawake 24 waliokombolewa, wakashuka Lindi. Kiongozi wa msafara alikuwa Chuma yule yule. Pamoja nao alikuwapo kijana William Percival Johnson, aliyekuwa amefika Afrika mwaka huo huo. Shauri la Askofu lilikuwa kuwafikisha watu hawa karibu na Ziwa, upande waliotoka, maana mwaka uliotangulia yeye mwenyewe alikuwa amekwenda kwa miguu mpaka Mwembe, kwa Mataka, mkuu wa Wayao, akaiona nchi. Lakini walipofika Masasi, chini ya milima ile ya mawe matupu inayoonekana kutoka mbali, watu wakaona maji na udongo mzuri, wakasema, Hapa patutosha. Askofu akasikia neno lao, na mwezi wa Novemba mji ukaanza kujengwa.

Twapenda kusimama kidogo juu ya siku hiyo, maana watu wengi hupita upesi. Kwa nini mtu anayekwenda kwao atake kukaa njiani? Wengine husema ni uchovu wa safari, na kweli walichoka. Lakini fikirini, wasomaji. Mtu huyu alichukuliwa angali mtoto. Kijiji alichozaliwa pengine kilichomwa moto siku ile ile. Mama yake hajui alipo. Jina aliloitwa amelisahau nusu, na lugha ya kwao inamkwama mdomoni. Akienda mbele, atafika mahali anapopaita kwao, na hapana mtu atakayemjua. Je, kuna ugeni mkubwa kuliko huo, kuwa mgeni mlangoni pa kwenu? Afadhali kuwa mgeni mahali ambapo hukutazamia kujulikana, tena pamoja na wenzako 54 ambao habari zao ni kama zako. Sisi hatuwalaumu. Twadhani walichagua kwa akili.

Askofu akarudi Unguja, Johnson akabaki na watu. Mwaka 1877 alikuja Chauncy Maples kumsaidia, na katika watumishi wa Masasi alikuwapo pia John Swedi, mmoja wa wale watoto watano wa kwanza aliopewa Tozer na Sultani Unguja mwaka 1864. Naye alifanywa shemasi mwaka 1879, Mwafrika wa kwanza kupata daraja hiyo katika misheni ile.

Sasa tuwatazame majirani. Nchi ya Masasi haikuwa tupu. Walikuwapo Wamakua na Wayao, na juu ya uwanda wa Newala Wamakonde. Watu hawa walikuwa na desturi zao za kumpokea mgeni, tena desturi zenye akili nyingi. Kwa Wayao na Wamakua ukoo hufuata upande wa mama, na tangu zamani mwanamume akioa alikwenda kukaa katika kijiji cha mkewe. Maana yake ni kwamba karibu kila mume katika nchi ile alikuwa mgeni. Alifika na shoka lake na jembe lake, akamlimia mama mkwe, akajenga, akanyamaza barazani mpaka alipoulizwa. Walimpima kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Miaka ikipita, na watoto wakizaliwa, sauti yake ilianza kusikiwa. Kwa hiyo wenyeji hawakuwa wajinga wa jambo la ugeni. Walijua hasa mgeni huingizwaje, na kwa mlango gani.

Mlango wenyewe ulikuwa ni ujamaa. Mmakua akifika kijiji asichokijua huulizwa nihimo lake, yaani ukoo wake, na akipatikana mtu wa nihimo hilo, huyo ni ndugu yake ijapokuwa hawajaonana tangu kuzaliwa. Atapewa chakula na mahali pa kulala. Myao naye huulizwa mjomba wake ni nani. Mtu mwenye mjomba ana mtu wa kumlipia akikosa, wa kumdai haki akidhulumiwa, na wa kumwozesha. Na mtu asiye na mjomba? Katika siku zile, nchini mote, mtu asiye na jamaa alihesabiwa kuwa mtu wa fulani. Wayao walikuwa na neno la mtu kama huyo, kapolo, maana yake mtumwa.

Hapo ndipo penye shida ya watu wa Masasi, nasi twaona kwamba haikufahamika vema na wale waliowaleta. Mbele ya sheria za Unguja na Uingereza watu hawa walikuwa huru. Mbele ya majirani walikuwa watu wasio na mjomba, wasio na nihimo la kutaja, wanaokaa pamoja katika mji wa Wazungu, na kupewa nguo na Wazungu, na kuamuliwa kesi zao na Wazungu. Mwenyeji akiwaona, angesema nini? Angesema, Hawa ni watu wa Wazungu. Wala hangesema kwa chuki. Angesema vile alivyoona. Basi uhuru waliotoka nao pwani haukuwa uhuru katika macho ya watu waliochota maji nao kisima kimoja. Kwa maana katika nchi ile mtu huru hakuwa yule asiyefungwa na mtu, bali ni yule aliyefungamana na wengi.

Jambo hili halikuwa la Masasi peke yake. Huko Rabai, nyuma ya Mombasa, watoro walikimbilia misheni kwa wingi, na mabwana zao wa pwani wakazidi kuwadai. Mwishowe George Mackenzie, msimamizi wa kampuni ya Waingereza, alitoa fedha kuwalipa mabwana hao, na tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati zao za uhuru. Ilikuwa siku ya furaha kuu, na hati ni kitu chema. Mtu aweza kuikunja akaitia katika kibweta. Lakini hati haimwambii jirani yako akuite harusini. Hilo lilibaki kutafutwa na kila mtu mwenyewe, kwa jasho lake, baada ya siku ya furaha kupita.

Turudi Masasi. Kitu cha kwanza kilichosaidia kilikuwa lugha. Steere alikuwa mtu wa lugha. Alikuwa amekwisha kupiga chapa kitabu kidogo cha maneno ya Kiyao mwaka 1871, na cha Kimakonde mwaka 1876, na Maples akatoa cha Kimakua mwaka 1879. Vitabu hivyo vina majina ya wale waliovitunga, lakini tujue kwamba kila neno lililomo lilitoka katika kinywa cha mtu aliyekubali kuketi na kuulizwa, Hiki mwakiitaje? Na hiki? Mwenyeji akimfundisha mgeni lugha humfahamu polepole, na kumcheka, na kucheka pamoja na mtu ni mwanzo wa ujirani. Kiswahili cha Unguja walichokuja nacho waliokombolewa kilikuwa na heshima yake, maana ndicho lugha ya biashara na ya vitabu. Lakini tumejionea wenyewe ya kuwa lugha yenye heshima yaweza kuwa ukuta. Mtu husemwa naye kwa Kiswahili kizuri, akajibu kwa adabu, na neno lililo moyoni akalichukua nyumbani kulisema kwa lugha ya mama yake.

Turuhusiwe kusema habari zetu kidogo, ijapokuwa si za kutusifu. Tulipokuwa vijana, na cheti cha ualimu kingali kipya, tulipelekwa kufundisha katika kijiji kilicho mbali sana na kwetu. Tulifika na sanduku la vitabu na fikira nyingi njema. Katika juma la kwanza tuliona kwamba wanawake waendao kisimani hupita katikati ya kiwanja cha shule, na watoto wakiwaona mama zao huacha masomo na kuwatazama. Tukafanya kama tulivyofundishwa juu ya utaratibu wa shule: tukakata miiba, tukaiziba njia. Hapana mtu aliyetugombeza. Jumbe alitusalimu kama kawaida. Lakini paa la nyumba yetu lilipotaka nyasi, hapakuwa na mtu aliyekuwa na nafasi. Na mke wetu alipokwenda kisimani, wanawake walikuwa wamekwisha kuondoka.

Tulikaa hivyo muda wa miezi minne, tukiandika katika barua zetu kwamba watu wa hapa ni wagumu. Ndipo siku moja alipokuja bibi kizee, akapiga hodi, tukampa kiti. Tukamwamkia, akaitika, akatuuliza habari za mama zetu na wadogo zetu, kila mmoja. Baada ya hayo akasema, "Mwanangu, njia ile ulioifunga, mimi niliolewa kwa njia ile. Mume wangu alichukuliwa kaburini kwa njia ile. Shule imekuja juzi." Hakusema zaidi, akaaga. Jioni ile tuliondoa miiba kwa mikono yetu, nayo ilituchoma kwa haki. Kesho yake tukaenda kwa jumbe tukaomba radhi, tukauliza kama shule yaweza kupewa mahali pa kuchezea watoto upande wa pili. Wakatupa mahali pakubwa kuliko pale pa kwanza. Tangu siku ile, tukisoma habari za watu waliokwenda kukaa ugenini, hutafuta kwanza njia ya kisimani, kuona ni nani aliyeifunga.

Sasa twafika katika habari ya msiba. Askofu Steere alifariki Unguja mwezi wa Agosti 1882. Mwezi uliofuata, Septemba, Wangoni waliokuwa wakiitwa Magwangwara walishuka kutoka pande za Songea, wakaipiga Masasi. Maples na watu wake hawakukusudia kupigana. Watu walikimbilia milimani na porini. Wengine waliuawa, wengine walichukuliwa mateka, na mali ya misheni ikatekwa. Watu waliokuwa wamevuka bahari wakiwa watumwa, wakakombolewa, wakarudi bara kujenga, sasa walifungwa tena na kupelekwa njia ya machweo. Kasisi Porter aliwafuata mpaka kwa Wangoni kuwatafuta na kuwakomboa. Mtu akisema kwamba Wazungu wote wa zamani walikaa barazani tu, na amkumbuke yeye.

Wako wanaosema kwamba msiba huu haukuhusu ugeni, maana Wangoni waliwapiga watu wote, wenyeji na wageni. Ni kweli kwamba wenyeji nao waliteswa. Lakini kijiji kilichokusanywa pamoja, chenye ghala ya nguo, hakiwezi kufichika, na sifa zake hutembea mbele yake. Tena mwenyeji akikimbia alikuwa na pa kukimbilia: kwa shemeji bondeni, kwa mjomba juu ya uwanda, kwa mtu wa nihimo lake upande wa pili wa mto. Mtu wa Masasi aliyekuja kutoka Unguja alikimbia na kengele yake na watu waliokuwa hawana pa kwenda kama yeye. Vita ni kama masika: nyumba isiyotiwa nguzo vema hujulikana siku hiyo.

Hata hivyo kulikuwa na mlango mmoja ulio wazi. Juu ya uwanda wa Newala aliishi Matola, mkuu wa Wayao, ambaye kwa miaka kadha wa kadha alikuwa amekuwa rafiki wa Maples. Yeye aliwapokea. Sehemu kubwa ya watu wa Masasi walihamia Newala, na kazi ya misheni ikahamia pamoja nao. Mwaona, wasomaji, jinsi mambo yalivyogeuka. Mara ya kwanza walikuja kama watu wenye msafara na mizigo, wakachagua mahali wapendapo. Mara ya pili walikuja mikono mitupu, wakaomba. Wakakaa chini ya mtu mwenye nchi, katika mahali ambapo maji hufuatwa mbali, chini ya ukingo wa uwanda, na kila mtungi hupandishwa kwa kichwa. Katika njia kama ile ya maji hakuna mgeni wala mwenyeji. Kuna shingo inayouma tu. Tukiulizwa sisi, tungesema kwamba watu wale waliingia katika nchi mwaka 1882, si mwaka 1876.

Masasi haikuachwa milele. Ilijengwa tena baadaye, ikachomwa tena mwaka 1905 wakati wa vita vya Majimaji, ikajengwa tena, na mwaka 1926 ikawa makao ya askofu wake wa kwanza, William Vincent Lucas. Johnson naye alikuwa amekwisha kwenda Ziwani, akakaa huko mpaka kufa kwake mwaka 1928. Habari zake zataka karatasi peke yake.

Lakini ule msiba uliwafundisha viongozi neno moja. Katika siku za Askofu Charles Smythies, aliyekuja mwaka 1884, watumishi walitumwa kukaa katika vijiji vya wakuu wenyewe, kwa idhini yao. Na mmoja wa hao ndiye tunayetaka kumaliza naye, maana habari zake hutushika kuliko zote.

Cecil Majaliwa alizaliwa katika Wayao, akauzwa angali mtoto, akafikishwa Unguja. Alilelewa na misheni, akasoma Kiungani, akapelekwa Uingereza kusoma katika chuo cha Mtakatifu Augustino, Canterbury. Mwaka 1886 alifanywa shemasi, akatumwa na mkewe Lucy na watoto wao mpaka Chitangali, katika nchi ile ile ya kusini, kwa mkuu wa Wayao aliyeitwa Nakaam. Mwaka 1890 akapata ukasisi, Mwafrika wa kwanza kuupata katika misheni ile. Hapo Chitangali hakuwa na Mzungu wa kukaa naye; ilikuwa yeye, na jamaa yake, na kijiji.

Wengi hudhani kazi ilikuwa rahisi kwake kwa kuwa alikuwa Myao kwa Wayao. Sisi twadhani ilikuwa ngumu zaidi. Mzungu akikosea desturi, watu husema, Hajui. Majaliwa akikosea wangesema, Huyu ni wetu, mbona hajui? Alikuwa na sura yao na damu yao, lakini mwenendo wake ulikuwa wa Unguja, vitabu vyake vya Canterbury, na nyumba yake ilikuwa ya mke aliyelelewa na misheni. Mambo ambayo kila mtoto wa Chitangali aliyajua kwa kunyonya, yeye alijifunza mtu mzima, kwa kuuliza.

Naye aliuliza. Hilo ndilo lililomfanikisha, pamoja na neema ya Mungu. Alikaa katika kijiji cha mtu mwenye nchi, wala hakujenga kijiji cha pili pembeni. Alipokuwa na neno, alimwendea Nakaam, na Nakaam alipokuwa na neno, alimwendea yeye. Nakaam mwenyewe alibatizwa, akaitwa Barnaba, na watu wengi wakamfuata. Askofu Smythies alipofika kutazama alifurahi sana, maana kwa muda mfupi Chitangali ilikuwa imepita mahali penye watumishi wengi na fedha nyingi.

Lakini hatutaki kuwadanganya wasomaji kwa kusema kwamba kila kitu kilikuwa chema mpaka mwisho. Majaliwa na Lucy walikuwa na watoto, na watoto hawakujua Unguja. Walikua katika Chitangali, wakicheza na watoto wa Chitangali, wakisema kama wao. Kwa wenyeji hiyo ilikuwa alama kwamba nyumba ile imekwisha kuwa yao. Kwa baba na mama ilikuwa na uchungu pia, maana yale waliyoyapata Unguja kwa taabu, shule na malezi na mwenendo, waliona watoto wanayakosa. Mgeni akifanikiwa kuingia katika nchi, watoto wake huingia zaidi kuliko yeye, na siku moja huwatazama asijue kama amewapata au amewapoteza. Mzazi yeyote aliyelea watoto mbali na kwao analifahamu jambo hili, hata asipolisema.

Mwaka 1897, baada ya miaka kumi na mmoja, Cecil Majaliwa aliiacha Chitangali akarudi Unguja na jamaa yake. Alirudi katika kisiwa ambacho aliletwa kwanza akiwa mtumwa, na watu wa Chitangali, ambao ni wa kabila lake, wakabaki wakimwulizia. Tumejaribu mara nyingi kufikiri alisema nini na mkewe ndani ya jahazi, walipoiona Unguja kwa mbali. Kama alisema, Tumefika kwetu, au kama alitazama nyuma.